Miguu ya Udhu Kwenye Sakafu Nyekundu

Jaja alianguka mara ya pili siku ya Ijumaa, akitoka bombani kutia udhu, na kabla sijamfikisha kwenye mkeka wake simu zilikuwa zimeshaanza. Shangazi alimpigia baba mkubwa kule Mbale. Baba mkubwa akampigia baba yangu Kampala. Baba akanipigia mimi, niliyekuwa nimesimama palepale na mkono wa Jaja ukiwa begani kwangu, akaniuliza kama ni kweli mama yake ameanza kuangukaanguka.

Ameanza kuangukaanguka. Wote walitumia maneno hayohayo, kana kwamba kuanguka ni ugonjwa unaomwingia mtu taratibu kama kikohozi. Mmoja alitaja presha, mwingine akataja macho. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ameangukia wapi.

Jaja ndivyo tunavyomwita bibi, mama yake baba. Nilirudi kwake Mpumudde, pembeni mwa mji wa Jinja, baada ya chuo kikuu kunipa shahada na kunifungia mlango. Nilikuwa nalala chumba cha nyuma, nikituma maombi ya kazi ambayo hayakujibiwa. Yeye aliamka kabla ya alfajiri, akakanda unga, akakaanga mandazi, na wanafunzi walipopita kwenda shule walimkuta barazani na beseni lake limefunikwa kitambaa cheupe. Kati yetu wawili, mwenye kazi alikuwa yeye.

Jioni ile shangazi aliniambia uamuzi uliopatikana kwenye simu. Baba mkubwa angekuja Jumapili ya wiki iliyofuata. Jaja angehamia Mbale, kwenye nyumba yake, "apumzike." Nyumba ya Mpumudde ingefungwa.

"Amesema anataka kupumzika?" niliuliza.

"Mtu mzima haulizwi. Anatunzwa."

"Mandazi je?"

"Mandazi!" Shangazi alinitazama kama ninayemtetea mwizi. "Mama yangu ana mkono umevimba namna hii, wewe unafikiria tumbo lako."

Jaja alikuwa mkekani, anasikia yote. Alikuwa ameushika mkono wake uliovimba kwa mkono wa pili, na alikuwa akitazama beseni lililoegemezwa ukutani. Ndipo nilipoanza kukasirika, na sijamaliza mpaka leo.

Nilikuwa na swali moja tu, na lilikuwa swali la kitoto. Jaja alienda sokoni kila wiki, akapita kwenye makorongo na matope, akarudi na unga kichwani. Hakuanguka. Alipanda ngazi ya jiko la nyuma, ambayo haina hata kipande kimoja kilicho sawa. Hakuanguka. Alianguka mara mbili tu, zote mbili sebuleni mwake, mahali palepale kati ya mlango wa uani na mkeka, na mara zote mbili miguu yake ilikuwa mibichi. Kama ni uzee, basi uzee ule ulikuwa unamsubiri sebuleni.

Kwa hiyo nilipiga magoti na kuitazama sakafu.

Ilikuwa sakafu ya saruji, nyekundu, na ilikuwa fahari ya shangazi. Shangazi ana nyumba yake mtaa wa pili, lakini tangu aolewe hajaacha kuja kupiga deki kwa mama yake, Jumatatu na Ijumaa. Aliinama kuanzia kiunoni, miguu imenyooka, tambara mkononi, akirudi nyuma huku akifuta nusu duara baada ya nusu duara, na majirani walikuwa wakimtolea mfano kwa mabinti zao. Ndoo yake ilikuwa moja. Ndani yake alitia sabuni ya unga mpaka povu likafika ukingoni, na kifuniko kimoja cha mafuta ya taa ili kufukuza wadudu. Tambara lake lilikuwa sweta la shule la mtoto aliyekwisha kuwa mama. Na kabla ya kila Idi, na kila ulipotarajiwa ugeni, alipaka nta nyekundu ya kopo, akaisugua kwa kipande cha blanketi mpaka ukaona uso wako chini. Nta mpya ilikaa juu ya nta ya zamani. Haikuwahi kutolewa hata mara moja. Nani atoe mng'ao?

Asubuhi ya Jumatatu, shangazi alipomaliza na kuondoka, nilisubiri sakafu ikauke. Kisha nikamwaga kikombe cha maji matupu na kusugua kwa kiganja.

Yalitoa povu.

Nilisugua mahali pengine. Povu. Chini ya dirisha, povu. Nilikwangua kwa ukucha, na ukucha ukatoka na ute mwekundu kama mafuta ya mgando. Nilikaa chini nikacheka peke yangu kwa hasira. Miaka yote hiyo tulikuwa tunapaka sabuni ya leo juu ya sabuni ya juzi, juu ya mafuta ya taa, juu ya nta, kisha tunamwambia mwanamke mzima apite hapo na maji miguuni mara tano kwa siku, kwa jina la Mwenyezi Mungu. Na akianguka tunampima presha.

Nilimweleza shangazi kwa simu. Alisikiliza, kisha akauliza kwa upole wa hatari: "Unasema mimi ndiye nimemwangusha mama yangu?"

"Nasema sakafu."

"Sakafu inapigwa deki na nani?"

Nilipaswa kumjibu kwa hekima. Sikuwa nayo. Nilimwambia kwamba povu si usafi, povu ni povu, na akakata simu.

Kesho yake nilianza mwenyewe. Jambo hili lazima lielezwe kwa msomaji asiye wa kwetu: mwanamume mwenye shahada, ameinama na tambara sebuleni, mlango uko wazi, ni kichekesho cha mtaa mzima. Wa kwanza kunigundua alikuwa jirani yetu, askari magereza mstaafu kutoka kaskazini, Mkristo, mtu wa sauti kubwa ambaye kila mtu anamwita Afande. Aliegemea ua wetu na kikombe chake cha chai.

"Kuruta!" aliita. "Nani nafundisha wewe hiyo deki? Hiyo deki ya bibi harusi!"

"Shikamoo, Afande."

"Wacha shikamoo. Mwaga maji! Maji mingi! Kisha sukuma yote nje na mpira. Mimi nimedeki nyumba ya serikali mpaka magoti yangu iliisha."

Jaja alikuwa barazani. Na Afande huzungumza Kiswahili, lugha ambayo Jaja mwenyewe anaisema vizuri kabisa, ya sokoni na ya msikitini, lakini mtu aliyevaa gwanda maisha yake yote akipaza sauti kwa Kiswahili, Jaja bado hunyoosha mgongo. Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, walioamrisha watu kwa Kiswahili, iliingia mgongoni kwake na haikutoka. "Mwache ajaribu, Afande," alisema kwa adabu. "Hana kazi nyingine."

Nilijaribu. Nilimwaga maji kama nilivyoamrishwa, nikayasukuma kwa mpira wa kukaushia sakafu, wenye mpini, alioniazima Afande mwenyewe. Sakafu ya magereza, nadhani, imejengwa na mteremko. Ya Jaja imejengwa na babu. Maji yalikimbilia chumbani mwa Jaja, chini ya kitanda, yakapata gunia la unga wa ngano, yakatulia humo. Tulipoliinua, chini lilikuwa donge.

Jaja alitazama donge, akanitazama mimi. "Basi na mimi niseme ukweli," alisema. "Shangazi yako ananiangusha, lakini hajawahi kunilowanishia unga."

Nilitoka nje, nikaketi kwenye ngazi ya jiko, nikiwa na hasira na Afande, na shangazi, na babu aliyejenga sakafu kwa kukisia kwa macho. Na hapo, kwa sababu nisizozijua, nilikumbuka madrasa. Nilikumbuka mwalimu akitufundisha habari za maji: kwamba maji yaliyokwisha kutumika kuosha hayatumiki tena kutia udhu. Hata yakionekana safi. Yamekwisha fanya kazi yake. Tulilikariri somo lile kwa fimbo, na kila mtu mzima niliyemjua aliliishi. Jaja hawezi kutia udhu kwa maji aliyonawia mwenzake; angeona kinyaa na dhambi kwa pamoja. Na watu haohao, wenye elimu hiyo ndani ya damu yao, wanatumbukiza tambara kwenye ndoo moja, wanalitoa, wanafuta, wanalirudisha lilivyo na uchafu wake, wanalitoa tena, mpaka maji yanakuwa kama supu, na supu hiyo ndiyo wanayoisambaza nyumba nzima mpaka mlangoni. Kisha wanasema nyumba imetakata.

Shangazi alipokuja Ijumaa nilimwambia hivyo. Lilikuwa kosa.

"Astaghfirullah! Unalinganisha udhu na tambara?"

"Nalinganisha maji na maji."

"Wamekusomesha mpaka ukapotea."

"Mjibu," alisema Jaja kutoka mkekani. Alikuwa na tasbihi mkononi na hakuinua macho. "Mimi nasubiri umjibu. Maji yaliyotumika ni maji yaliyotumika, au siyo?"

Shangazi alichukua ndoo yake akaondoka nayo. Ndoo ile ilikuwa ya kwake tangu mwanzo, lakini namna alivyoibeba, ungedhani ameokoa mali kwenye moto.

Zilibaki siku mbili tu kabla ya Jumapili ya baba mkubwa. Nilitoa viti vyote uani. Nilichemsha maji na magadi, yale tunayolainishia maharage, nikamwaga kidogo kidogo yakiwa moto, nikaacha yalowe, nikasugua kwa brashi ya kufulia na kukwangua kwa kisu butu. Nta ilitoka kwa matabaka, nyekundu iliyokolea, kisha nyekundu ya kahawia, kisha nyeusi, Idi juu ya Idi. Chini yake palikuwa na saruji ya kijivu, iliyokwaruzika, sakafu ambayo huenda hakuna mtu aliyeiona tangu baba yangu akiwa mtoto. Magadi yalinichubua vidole. Nilikuwa na furaha ya mtu anayepigana.

Kisha nikatafuta namna ya kupiga deki. Sweta nililitupa, kwa sababu halinywi maji, linayatembeza tu. Nikakata taulo kuukuu. Ndoo zikawa mbili: moja ya maji safi yenye sabuni kiasi cha kijiko cha chai, ya pili ya kusuuzia tambara na kulikamulia. Tambara chafu haliruhusiwi kugusa maji safi kabla halijasuuzwa. Maji ya kusuuzia yakigeuka rangi, yanamwagwa migombani. Kukamua mpaka hakuna tone. Kuanza kona ya mbali, kurudi nyuma kuelekea mlangoni, kipande kwa kipande. Halafu kurudia yote kwa maji matupu, bila sabuni kabisa. Kipimo changu kilikuwa kikombe cha maji na kiganja: nikisugua pasitoke povu, nimemaliza. Mara ya kwanza lilitoka kidogo. Nikarudia. Mara ya pili maji yalibaki maji.

Jaja alitoka bombani, miguu inadondosha maji, akasimama mlangoni akishika fremu kama alivyozoea kufanya tangu aanguke. Aliweka unyayo mmoja. Akauweka wa pili. Alifika mkekani bila kushika kitu, akasimama pale muda kidogo kabla ya kuanza kusali, akisugua saruji kwa kidole gumba cha mguu.

"Inakwaruza," alisema. Alivyolisema neno hilo, ungedhani anasifia nguo mpya.

Shangazi ndiye aliyefika wa kwanza Jumapili. Aliona kijivu akaweka mikono kichwani. "Banange! Umeivua nyumba ya mama yangu nguo!"

Baba mkubwa alikuja na gari lake la mizigo. Ni mfanyabiashara wa mahindi, mtu mwenye heshima zake Mbale, ana duka Namatala, mtaa wa watu maskini, na nyumba nzuri mbali na Namatala. Alivua viatu mlangoni, akatazama chini, akatazama juu, akaketi. Nilimweleza kila kitu: povu, nta, miguu ya udhu. Nilimwomba Jaja apite mbele yake. Jaja alikwenda bombani, akarudi na maji mpaka kwenye kifundo cha mguu, akavuka sebule yote, akageuka, akavuka tena. Alivuka mara ya tatu ambayo hakuna aliyemwomba.

"Mashallah," baba mkubwa alisema. "Lakini suala si sakafu. Suala ni umri. Na ukiangalia vizuri, hata nyumba yenyewe imechakaa. Ona sakafu ilivyo."

Sikuamini masikio yangu. "Baba mkubwa, wewe umewahi kupiga deki?"

"Nini?"

"Maishani mwako. Sakafu yoyote."

"Kijana," alisema, na shangazi akanifinya paja kwa nguvu zake zote. Nakumbuka vizuri kilichonichoma wakati ule. Kukataliwa nimezoea. Kilichonichoma ni kwamba mtu ambaye hajawahi kuinama juu ya sakafu hata siku moja alikuwa amekaa juu yake anaihukumu, na dada yake aliyeinama juu yake maisha yote alikuwa upande wake.

"Nitaenda nikaone," alisema Jaja. "Sijasema nitakaa. Nimesema nikaone."

Tulipita njia ndefu ya Tororo kwa sababu baba mkubwa alikuwa na magunia ya kuchukua Busiu. Jaja aliketi mbele. Mimi niliketi nyuma na godoro lake, magunia ya mahindi, na beseni lake la mandazi, ambalo alilipakia mwenyewe na kukataa kueleza kwa nini. Ndani ya beseni niliweka taulo langu.

Nyumba ya baba mkubwa ina vigae. Vyeupe, vikubwa, vinang'aa kama sahani. Mama mkubwa, mkewe, alikuwa ametupigia deki kwa heshima ya ugeni. Nilisikia harufu ya sabuni ya manukato tangu getini. Pale mlangoni nilichuchumaa, nikalowesha kiganja kwa maji ya chupa, nikasugua kigae cha kwanza. Povu. Jaja alikuwa anatazama mkono wangu.

Aliketi barazani. "Siingii," alisema.

"Mama, usituaibishe, majirani wanaona," alisema baba mkubwa.

"Waone."

Adhana ya alasiri ilikuwa imeshatoka. Jaja alimwomba mwanawe amletee birika, akatia udhu palepale barazani bila haraka. Kisha akamkabidhi birika. "Na wewe tia. Halafu tangulia, nikufuate nyuma."

Baba mkubwa alitia udhu. Alikuwa na hasira na alitia upesi. Aliingia sebuleni kwake, kwenye vigae vyake, na miguu yake mibichi, mtu mnene mwenye kanzu, na hatua ya kwanza kisigino kikamkimbia kidogo. Hakuanguka. Lakini kuanzia hapo alitembea kama anayevuka mto kwenye gogo: hatua fupi, magoti yamekunjwa, kiganja ukutani, kisha mgongoni mwa kiti, kisha kwenye kabati la vyombo. Nilielewa kwamba ndivyo anavyotembea kila siku humo ndani. Mkono wake uliijua njia. Ukutani, kwenye usawa wa kiganja, palikuwa na alama ya mafuta iliyofifia kuanzia mlango mpaka mahali pa kusalia.

Jaja alimtazama mpaka alipofika.

"Umezeeka lini, mwanangu?" aliuliza.

Nyuma ya pazia la jikoni mama mkubwa alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Nilichukua taulo na ndoo mbili, nikampigia baba mkubwa deki sebule yake, wageni wake wa jioni wakiingia na kunikuta nimeinama. Aliniomba mara mbili niache. Sikuacha. Jaja alilala siku mbili Mbale, siku ya tatu akapakia beseni lake.

Mngetarajia kwamba mtu angesema. Niko Jinja, nimerudi na bibi yangu na godoro, na sikumsikia hata mtu mmoja katika familia nzima akisema: kweli, ilikuwa sakafu. Nilimsikia baba mkubwa kwenye simu akimweleza shangazi kwamba amemrudisha mama kwa sababu baridi ya mlimani haimfai. Baridi! Shangazi akakubali, ndiyo, baridi ya Mbale ni mbaya kwa mifupa. Baba naye Kampala amelipokea neno hilo, sasa analirudia kwa marafiki. Hivyo ndivyo jambo lisilo na ushahidi hata chembe linavyokuwa historia ya familia, na povu, ambalo yeyote anaweza kulisugua kwa kiganja chake mwenyewe, linabaki wazimu wa kijana asiye na kazi.

Kabla ya Idi shangazi alileta kopo jipya la nta. Jaja alilifungua, akalinusa, akalifunga. "Mpelekee kaka yako," alisema, "apake viatu."

Mimi bado ninapiga deki, Jumatatu na Ijumaa. Afande bado ananiita kuruta. Ijumaa iliyopita nilikuwa nimemaliza duru ya pili, ya maji matupu, nimefika mlangoni, mgongo unaniuma, na Jaja akatoka bombani.

"Subiri ikauke!" nilimkaripia.

Hakusubiri. Alipita katikati ya kazi yangu na miguu yake ya udhu na vumbi la uani, wala hakuishika fremu, akaacha nyayo kuanzia mlangoni mpaka mkekani. Akakabili kibla. Nikaenda kubadilisha maji.